Pamba za Mwalimu Kokuberwa

Asikudanganye mtu. Kukaa Dar es Salaam wiki ile Zinduna Modern Taarab walipotoa albamu mpya, halafu usiisikie, ilikuwa kazi ya kujitafutia. Kinyozi anaipiga. Muuza chipsi anaipiga. Hata duka la dawa, ambako mtu anaingia kichwa kinamgonga anataka utulivu, nako wanaipiga. Na katikati ya patashika hiyo alikuwapo Mwalimu Kokuberwa wa Goba, mpenda muziki kuliko wote hao, anakatiza mtaa na pamba masikioni, huku anajiimbia pambio za kanisani ili kuyafunika yale machache yaliyopenya.

Usidhani alikuwa haitaki. Aliitaka mpaka usingizi ukamruka. Ila albamu ya Zinduna hasikilizi peke yake. Ana mtu wake wa kuisikiliza naye, na mtu huyo walikuwa hawasemezani.

Mtu mwenyewe ni Hayat, mwenye duka la kanga pale Mtoni, yeye na kaka yake Thuwaini, duka walilorithi kwa baba yao aliyerithi kwa baba yake. Zamani hizo Kokuberwa alikuwa mgeni wa mji, ndiyo kwanza katoka Bukoba kuja kuanza ualimu, akaingia dukani kununua kanga moja tu ya kujifunika. Ndani kulikuwa na taarab inapigwa. Akasimama na kanga yake mkononi mpaka wimbo ukaisha, ukaja mwingine, naye kasimama vilevile.

"Dada, unanunua au unasikiliza?" Hayat akamuuliza.

"Kwanza nasikiliza," akajibu.

Hayat akamsogezea kigoda, na urafiki ukaanzia hapo.

Baadaye wakajiwekea desturi. Albamu ikitoka, mwalimu anavuka mji mzima Jumamosi kwenda Mtoni na kashata kwenye mfuko. Wanajifungia stoo, wanakaa juu ya marobota ya kanga, simu zimezimwa, wanaisikiliza kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakuna kuruka wimbo, hakuna kusema neno mpaka iishe. Maana watu wa siku hizi, jamani, wanasikiliza nini? Mtu anakata kipande cha kiitikio, anakichezea kwenye simu mbele ya kioo, kesho anakwambia albamu anaijua. Anaijua wapi? Mwenzio kakaa kapanga nyimbo zake, huu unautengenezea njia ule, wewe unaingilia dirishani! Hayo ni maneno ya Kokuberwa mwenyewe, na akiyasema hushika kiuno. Wakafungua hadi kundi la WhatsApp, Wapenzi wa Albamu Nzima, likajaa watu kutoka Segerea mpaka Mbagala.

Na kundi hilohilo ndilo lililoharibu mambo. Kila Desemba Kokuberwa hutoa kumi bora yake ya mwaka, na watu huisubiri kwa hamu. Safari ile nafasi ya kumi akaipa albamu iliyopita ya Zinduna, ambayo Hayat alikuwa haambiliki kwayo. Hilo peke yake lisingekuwa neno. Ila mwalimu akajisikia kuchekesha, akaandika: "Hii ni albamu ya kukaangia maandazi. Inasikika, haisikilizwi." Kundi likalipuka kwa vicheko. Kuna mtu akatengeneza stika ya andazi limeshika maikrofoni. Kokuberwa naye akacheka, akajiona bingwa, mpaka alipoona maandishi madogo chini kwamba Hayat amejitoa kwenye kundi.

Hapo ndipo moyo ulipomshuka. Alijua fika kuwa albamu ile ndiyo Hayat aliyoipiga kila asubuhi alipokuwa anamuuguza mama yake, mpaka siku bibi yule alipojiinua kitandani, akaitikia kiitikio, akadai uji. Alijua, na bado akaandika. Yaani mdomo ule!

Akapiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe wa kuomba radhi, ukasomwa, kimya. Akafunga safari mpaka Mtoni, akamkuta Thuwaini kaegemea kaunta.

"Hayat hayupo," Thuwaini akasema kabla hata ya salamu.

"Kaka Thuwaini, ndala zake si hizi hapa mlangoni?"

"Ndala zipo. Mwenyewe hayupo."

Nyuma ya pazia la stoo ikatoka sauti kali: "Mwambie alinisema mbele za watu! Akitaka kuniomba radhi, aniombe mbele za watu!"

Thuwaini akakuna kichwa. "Umemsikia huyo ambaye hayupo?"

Kokuberwa alimsikia. Akarudi Goba na kashata zake, akazila peke yake, na hazikuwa na utamu wowote. Alimkosa shoga yake, nikwambie ukweli. Miezi ile muziki wote aliousikia ulikuwa makelele tu, kwa sababu wimbo ukimkuna hakuwa na wa kumgeukia.

Ndipo Zinduna wakatoa albamu mpya, na mwalimu akanunua pamba. Alijiambia hivi: desturi ni desturi. Akiisikiliza bila Hayat, atakuwa amekubali kwamba yameisha, na yeye hajakubali.

Jirani yake Loveness, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa na spika kubwa na moyo mkubwa. Alipoona pamba akaingiwa na huruma.

"Mwalimu, masikio yamekushika?"

"Yananisumbua kidogo, mdogo wangu."

Basi Loveness akamletea mafuta ya kitunguu saumu yaliyopashwa moto, na mwalimu, kwa aibu ya uongo wake, akakubali kutiwa. Akashinda shuleni ananukia mchuzi. Huko shuleni nako watoto walikuwa wameanza mchezo mpya: wananyoosheana vidole, wanapiga kelele "Toka! Toka!" kisha wanaanguka kwa kucheka. Akawauliza ni mchezo gani, wakacheka zaidi. Akaona ni utoto tu, akawaacha.

Kisha yakabandikwa matangazo: Tamasha la Mtoni, Jumamosi, kuanzia saa nane mchana. Singeli, dansi, na kufunga, Zinduna Modern Taarab wakitambulisha albamu yao. Kokuberwa akasimama mbele ya tangazo, akafikiri. Hayat hawezi kulikosa tamasha hilo, liko mlangoni kwake. Na kama Hayat yupo uwanjani, na yeye yupo uwanjani, hata wakikaa mbalimbali, si watakuwa wameisikiliza pamoja? Halafu watu watakuwepo. Hayat si alitaka watu? Na kwenye taarab kuna njia ya kusema jambo mbele za watu bila kufungua kinywa.

Asiyejua aelezwe. Taarab haitunzwi ovyo. Ukiinuka na noti yako ukaenda kumtunza mwimbaji, umeuchukua ubeti ule, umekuwa wako. Ukimgeukia mtu ukamnyooshea mkono, umempelekea yeye. Kuna wanawake waliovunja uchumba wa watu kwa ubeti mmoja, na kuna waliopatana. Kokuberwa akaazimia: ukipita ubeti wowote wa upendo, anainuka.

Jumamosi akafika Mtoni na Loveness, kavaa dera jipya la zambarau. Kwa vijana wa singeli alitoa pamba, maana hao hawakuwemo kwenye makubaliano, na akakiri kuwa yule wa pili ana pumzi ya ajabu ila hana nyimbo, ana mbio. Bendi ya dansi ikamfurahisha mpaka akasimama. Zinduna walipoanza kupanda jukwaani, akarudisha pamba haraka na kuanza kuangaza macho uwanja mzima.

Akamwona. Mstari wa mbele, upande wa pili, mtandio wa kijani, Thuwaini pembeni yake anatafuna karanga. Hayat hakuangalia upande huu. Kokuberwa akachomoa pamba, akazifumbata kwenye kiganja.

Kinanda kikaingia taratibu, besi ikafuata. Bi Hamisa, mwimbaji kiongozi, akasogea mbele, akafumba macho:

"Rafiki wa moyo wangu, nakuita uitike,
Njoo hapa kando yangu, mkono wako nishike..."

"Mungu wangu," Kokuberwa akasema. "Huu ni wangu!"

Loveness akamshika dera. "Mwalimu, kaa. Huo sio!"

"Niache, Loveness!"

"Mwalimu, nisikilize, huo una—"

Wapi! Mwalimu keshaondoka. Kakata uwanja kwa mwendo wa madaha, bega hili, bega lile, noti juu. Watu wakaanza kuguna. "Uuuwi!" Mama mmoja akapiga kelele, "Dada, utamuua mtu!" Kokuberwa akadhani wanamshangilia, akazidisha mabega. Akampa Bi Hamisa noti yake, na Bi Hamisa, ambaye alikuwa anaurudia ubeti kama kawaida ya taarab, akamtolea macho ya kumwonya. Mwalimu hakuyasoma. Akageuka, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea mtandio wa kijani.

Hayat alikuwa anamtazama. Kwanza alikunja uso. Kisha midomo ikaanza kumcheza. Kisha akamtupia Thuwaini mkoba, akainuka, akaja anacheza, mikono mbele, uso umefunguka wote. Wakakutana chini ya jukwaa, wakashikana, na ile furaha aliyoipata Kokuberwa pale sijui niielezeje. Alitaka kulia.

Ndipo Bi Hamisa, hana la kufanya, wimbo ndivyo ulivyo, akaendelea:

"Upimwe na walimwengu, unafiki ufichuke,
Kisha toka nyumba yangu, na mlango ufungike!"

Na uwanja mzima, wakubwa kwa wadogo, vidole hewani: "Toka! Toka! Toka!"

Kokuberwa akaganda. Watoto wa shule wakamjia kichwani na mchezo wao. Mama yangu, amefanya nini? Amekuja kuomba radhi mbele za watu, na mbele ya watu haohao amemfukuza rafiki yake, kwa noti yake mwenyewe, kwa mikono miwili! Akashindwa hata kumwachia mwenzie mkono. Akamwangalia usoni, tayari kwa lolote.

Hayat alikuwa kaacha mdomo wazi.

Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshtuka, kashtuka vilevile kama yeye. Kokuberwa akamtazama tena, na jambo likamwingia polepole. Kila mtu uwanjani pale alijua kinachofuata baada ya mistari ile. Muuza karanga alijua. Mtu anayeujua wimbo ule, akiona ananyooshewa mikono, angebaki kwenye kiti chake, au angekuja na kiatu mkononi. Hayat alikuja anacheza.

Hayat naye alikuwa anamtazama hivyohivyo, macho yanapiga hesabu ileile.

"Koku," akasema, "hujaisikia."

Kokuberwa akafungua kiganja. Pamba zilikuwa humo, zimelowa jasho, zinanuka kitunguu saumu. "Nimetembea nazo tangu ilipotoka. Wanadhani naumwa."

Hayat akaziangalia pamba zile, akaanza kucheka, kicheko kilichomkunja mpaka akamshikilia mwenzie begani.

"Na wewe je?" Kokuberwa akamuuliza. "Umeinuka, Hayat! Na duka lako liko barabarani, kila anayepita anaipiga!"

"Mie nimemkataza Thuwaini hata redio. Nafungua duka nimejifunga vitambaa viwili kichwani, wateja wanasema nimekuwa mswalihina. Leo nimekuja kwa kujua hutakosa." Kicheko kikamwishia, macho yakamlengalenga. "Ningeisikiliza na nani, Koku?"

Kiitikio kilikuwa kinapanda mara ya pili, watu wamewaelekezea vidole wao wawili, wengine wamepanda juu ya viti ili waone ugomvi.

"Hayat, nisamehe yale maandazi. Nilikuwa—"

"Shii!" Hayat akamwekea kidole mdomoni. "Umeshaniomba, watu wameona. Sasa nyamaza, huu ndio wimbo wa kwanza. Hatusemi mpaka iishe."

Basi wakasimama palepale chini ya jukwaa, mkono kwa mkono, hawasemi neno, huku Mtoni nzima inawapigia kelele watoke, wala hakuna aliyetoka.