Vidole Viwili Mbele, Viwili Nyuma

Ko-ko-ko-ko-ko! Usiku wa jana niliota kwa masikio kwanza; macho yalikuja baadaye, yakanikuta nimesimama msituni Kolombia.

Kigong'ota mwenye shungi jekundu alikuwa akitoboa gogo, vumbi la mti likinimwagikia kichwani.

"Naandika kumbukumbu za kikao," akasema. "Jina?"

"Kapaya, mrina asali wa Sikonge."

"Hiki ni kikao cha ukoo. Anayesema hapa lazima awe na vidole viwili mbele, viwili nyuma."

Nikatazama chini. Miguu yangu tayari ilikuwa hivyo. Kidole cha tano sikukiona, wala sikukiulizia.

Mara tumo sebuleni kwetu, ila kuta ni magome. Mlangoni linaingia domo kubwa la njano. Baada ya muda anafuata ndege mwenyewe.

"Binamu yetu tukani," kigong'ota ananitambulisha.

"Samahanini," anasema tukani. "Mdomo uliwahi, mimi nikachelewa. Kijana, unamtafuta nani?"

"Ndege wangu anayenionyesha nyuki. Wiki tatu hajaniita, na harusi ya dada yangu Mbula inataka pombe ya wanzuki. Sina hata tone la asali la kuipikia."

Nyuma ya kochi anachomoza ndege mdogo wa kijivu. Ndiye.

"Huyo huyo, binamu zangu! Nilimwongoza mpaka kwenye mti wa nyuki. Akarina, akala, akalamba na jani. Mimi hata kipande cha sega sikuachiwa!"

"Nyuki niliwaona kwa macho yangu, si yako!" nafoka. Halafu namtolea ubeti wa kujisifu nilioutunga mwenyewe.

Kigong'ota anaugonga wote kwenye gogo, silabi kwa silabi.

"Vina vimekaa," anasema. "Sega liko wapi?"

Nageuka niondoke. Vidole viwili vinaondoka, viwili vinabaki.

"Hivyo vinasubiri neno lako," anasema tukani kwa upole.

Nikaamshwa na Mbula. "Kaka, we! Umelala kiwanda cha mbao? Kichwa kizima vumbi la mti!"

Nikalinusa. Miti yote ya Sikonge naijua kwa harufu. Mti huo haumo.

Juu ya paa, sauti niliyoikosa wiki tatu ilikuwa ikinihimiza. Nikatoka pekupeku, Mbula nyuma yangu.

"Twende, ndugu yangu," nikamwambia ndege kwa sauti. "Sega la kwanza ni lako, kabla sijalamba hata kidole. Dada yangu huyu hapa, amesikia."