Mchoyo, Mzururaji na Mtanashati

Mzee Himid wa mtaa wa Malindi alikuwa hanunui kitu bila kukizunguka. Akienda soko la Darajani kutafuta samaki, humshika changu wa meza ya kwanza, akamtazama macho, akamfunua mashavu, akamrudisha. Kisha huenda meza ya pili, na ya tatu, mpaka ya mwisho, na akirudi kwa yule wa kwanza huwa kashachukuliwa na mwenye haraka zake. Mkewe, Mwanakheri, alishazoea kubandika chungu jikoni bila kujua kama siku hiyo kitapata samaki au kitaishia kunde.

Kabla ya kustaafu Himid alikuwa karani wa shehena bandarini, na watu wa barazani walisema kazi ndiyo iliyomharibu, kwani aliyehesabu magunia ya watu umri wake wote hawezi tena kuliamini gunia. Mwanakheri hakukubaliana nao. Yeye alimjua mumewe kabla bandari haijamjua, na alikuwa vile vile.

Mambo ya samaki yanavumilika. Safari hii lakini lilikuwa jambo la Nasima, binti yao wa pekee, aliyeolewa na Anwar akachukuliwa mpaka Toronto, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mimba ya kwanza ina mwenyewe, na mwenyewe ni mama. Nani mwingine atamkanda mzazi kwa maji ya moto, amfunge tumbo, amnyweshe uji wa pilipili manga mpaka arobaini itimie? Nasima hakuomba dhahabu. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba mama yake awepo kabla mtoto hajazaliwa, si baada.

Viza ya Mwanakheri ilishatoka. Himid mwenyewe hakuiomba, akidai kuwa nyumba ya Malindi haiwezi kuachiwa paka. Anwar alitaka kutuma tiketi, Himid akakataa katakata, akasema mkewe atampandisha ndege yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Mwanakheri aliposikia neno hilo moyo ulimshuka, maana aliujua ule mkono.

Abdulwahid, kijana mwenye duka la tiketi Shangani, aliwaeleza kuwa yako mashirika matatu yanayoweza kumfikisha. Himid hakuyashughulikia majina yao ya kizungu, akayabatiza yake. La kwanza akaliita Mchoyo, kwa sababu bei yake ni nafuu lakini abiria huruhusiwa begi moja dogo, na hata maji ya kunywa ananunua. La pili likawa Mzururaji, kwani hutua nchi mbili njiani na kumwacha mtu anasinzia kwenye viti vya chuma. La tatu lilikuwa Mtanashati. Hilo lina blanketi, lina chai, linabeba mabegi mawili makubwa na linapumzika mahali pamoja tu, ila bei yake inamfanya mtu avute pumzi. Abdulwahid akawausia pia kuwa tiketi ya kwenda na kurudi ikatwe pamoja, maana kuzikata mbalimbali ni hasara tupu. Himid alilipenda sana neno hilo, na kwa wiki nzima alilihubiri barazani kana kwamba kalivumbua yeye.

Basi akaanza kupeleleza, na alipeleleza kama mtu aliyeletewa posa. Huyu ni wa watu gani? Tabia yake ikoje anapokuwa mbali na kwao? Akimchukua mtoto wa watu, anamtunza? Alimshika jirani yao Mahfoudh, ambaye huja kila mwaka kutoka Uingereza, naye akaapa kuwa Mtanashati alimmiminia chai mara mbili, na mara ya pili hakuomba. Jirani mwingine akadai kuwa kwa huyo huyo Mtanashati magoti yake yaligusana na kidevu. Himid akampima kwa macho, akaona ni mrefu kama mnazi, akaupunguza ushahidi wake nusu. Hata Sichana, dada yake Mwanakheri anayelima mwani kule Paje, hakusalimika. Aliagizwa awaulize wazungu wanaoteleza baharini kwa tiara. Akamuuliza mmoja, akiwa na tenga la mwani kichwani, naye akajibu kwamba yeye alilala safari nzima. Himid akamrudisha Sichana akaulize kama kilichomlaza ni uzuri wa kiti au ni kileo. Sichana akajibu kuwa mwenye swali aje Paje mwenyewe, na aje na nguo za kulowa.

Mwanakheri aliyasikia yote kupitia dirisha lililo juu ya baraza. Siku moja alimsikia mumewe akimuuliza mtu kwa sauti ya chini: akipewa kiti cha katikati, kushoto mwanamume na kulia mwanamume, mke wangu atafanyaje? Na sala atasalije? Na nyama ile kachinja nani? Mwanakheri akaona haya, akaona na raha, kisha akaikumbuka tarehe ya kujifungua ambayo daktari alimpa Nasima, raha ikamwisha. Jioni akamwambia mumewe kuwa yeye anakwenda kumpokea mjukuu, haendi kuolewa. Himid akacheka, na kesho yake akaendelea.

Hatimaye akamchagua Mtanashati. Mwanakheri alitoa buibui lake zuri wakafuatana mpaka Shangani, na Abdulwahid akawaamkia shikamoo, akabonyeza mashine yake, akataja bei. Himid akataja ya kwake. Abdulwahid akaeleza kwa adabu kuwa bei haitoki dukani, inatoka kwenye mashine. Himid akatabasamu, maana maneno hayo kila muuzaji anayo. Akafanya alivyofanya maisha yake yote akiwa Darajani. Akainuka, akaiweka sawa kofia yake, akaaga, akatoka polepole, akasimama nje karibu na muuza vitumbua akisubiri kuitwa.

Hakuitwa. Mwanakheri alibaki kwenye kiti amekumbatia mkoba wake, Abdulwahid akapokea simu moja, kisha nyingine. Himid alisimama pale mpaka muuza vitumbua akamuuliza kama ananunua au anavilinda. Aliporudi ndani, nafasi za Mtanashati za wiki ile na ya pili yake zilikuwa zimekwisha.

"Mzee Himid, unisamehe," alisema Abdulwahid. "Mashine haimwiti mtu."

Himid akasema basi watatazama tena, hakuna neno, Mungu ana mipango yake. Mwanakheri alikuwa na hasira ya kutosha kuwasha jiko, lakini hata katika hasira ile aliona kitu kilichomshangaza. Mumewe hakutembea kama mtu aliyepoteza. Alitembea mwepesi, akiwaamkua watu, na walipopita Darajani akasimama meza ya kwanza, akachukua changu bila kumfunua mashavu wala kuuliza bei. Tangu waoane Mwanakheri hajaona jambo kama lile.

Baada ya magharibi Nasima akapiga simu. Daktari amemwambia mtoto huenda akawahi, akataka kujua mama anakuja lini. Mwanakheri akasema baba yake bado anachagua.

"Anachagua kama alivyowachagua wachumba?" Nasima akauliza, akacheka, na kicheko kikamkatikia njiani.

Mwanakheri aliiweka simu, akakaa na neno lile. Wachumba wa Nasima, nani Malindi asiyewakumbuka? Wa kwanza alikuwa kijana wa Mkunazini, mtulivu, ana duka lake, na Himid alimkataa kwa sababu alionekana akila amesimama. Wa pili alikuwa mtu wa Tumbatu, akaambiwa hucheka kwa sauti. Wa tatu alipelelezwa kwa muda mrefu mpaka akaoa kwingine na kupata watoto. Akaja Anwar, likizo yake inakwisha, hana wakati wa kupelelezwa na mtu, na safari hiyo Mwanakheri ndiye aliyepeleka jibu. Miaka yote aliamini kuwa mumewe ni mtu wa kuchagua sana. Usiku ule, changu akiwa sahanini, aliona kuwa hakuwa amemwelewa hata kidogo.

"Baba Nasima," akasema, "yule kijana wa Mkunazini alikuwa na aibu gani?"

"Yupi?"

"Unamjua."

"Alikuwa akila wima."

"Ungemkubali, leo ningekwenda kumkanda mwanangu kwa miguu, na adhuhuri nsharudi kukupikia."

Himid akachambua mwiba ambao haukuwepo. Mwanakheri alikuwa amedhamiria kumtania tu, lakini ulimi ukamzidi.

"Wewe hukuwa ukichagua mchumba," akasema. "Ulikuwa ukimzuia mtoto asitoke nyumbani. Na sasa unanizuia mimi. Hizo ndege zote tatu zinafika, Himid. Kinachokuuma ndicho hicho, kwamba zinafika."

Alimwita kwa jina lake tupu, jambo ambalo hulifanya mara chache sana. Himid hakukasirika. Aliinua uso akatazama jikoni, akazipitia rafu moja moja, kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu.

"Majani ya chai yanakaa wapi," akasema, "hata siyajui."

Mwanakheri akataka kucheka, akacheka, na machozi yakamtoka humo humo. Alimwonea huruma mtu huyu mzima aliyeogopa kopo la chai, na alijionea huruma mwenyewe kwa kutoliona jambo hilo mapema. Alimwonyesha. Kopo jekundu, nyuma ya sukari.

Asubuhi, aliporudi kutoka msikitini kusali alfajiri, Himid hakuvua hata viatu. Alikunywa chai wima, akatoka, na duka la Abdulwahid lilipofunguliwa lilimkuta mlangoni. Kabla ya adhuhuri akarudi na tiketi. Ilikuwa ya Mchoyo, ya kesho yake, kwani ndiye pekee aliyekuwa na nafasi. Mwanakheri akaitazama, akauliza mbona ni ya kwenda tu. Himid akasema ya kurudi wataitazama baadaye. Mwanakheri akavuta pumzi, akijua kuwa vitimbi vinaanza upya, lakini hakuwa na wakati wa kugombana.

Begi lilikuwa dogo kwelikweli. Sichana alikuja kutoka Paje na sabuni za mwani za kutosha kuosha mji, majirani wakaleta halua, ubuyu, dagaa na vifurushi vya watoto wao wanaokaa miji ambayo haiko hata karibu na Toronto. Mwanakheri alivikataa vyote kwa uso wa haya, akamtupia lawama Mchoyo, na ikawa mara ya kwanza shirika lile kumfaa mtu. Begini akatia kanga za kumfungia mzazi tumbo, pilipili manga, tangawizi kavu, na chupa ya samli aliyoizungushia nguo tatu. Kanga nyingine mbili alizivaa ndani ya buibui.

Uwanja wa ndege Himid alimwuliza kama ana maji, akakumbuka kuwa Mchoyo huyauza. Walipoagana alimshika mkono muda mrefu kuliko inavyostahili mbele ya watu.

Kiti kilikuwa cha katikati, kushoto mwanamume na kulia mwanamume, kama vile Himid alivyoogopa. Wa kushoto alilala kabla ndege haijatulia angani, na wa kulia akaona anavyohangaika na kanga zake, akampisha akae dirishani. Mwanakheri alitoa mkate wa ufuta aliouficha mkobani, na wa kushoto alipoamka akawakaribisha wote wawili, maana hajui kula peke yake mbele ya watu. Akasali alipokaa. Magoti yalimuuma, chai ilikuwa ya kununua, akanunua, ikawa chai mbaya. Alifika.

Nasima alimpokea uwanjani kwa koti kubwa lisilofungika mbele, tumbo lingali limejaa. Mwanakheri akaliwekea mkono juu kabla hata hajamsalimia, akasema alhamdulillahi, na wakalia wote wawili katikati ya njia ya watu na mabegi yao.

Walipofika nyumbani akampigia mumewe. Himid akataka ushahidi wote. Kiti? Magoti? Chakula? Nani alikaa ubavuni? Mwanakheri akamjibu kimoja kimoja, akamwambia Mchoyo hakumpa hata tone la maji, lakini kamfikisha kabla ya mtoto, na kwake yeye hakuna mtanashati kumshinda huyo. Akamuuliza kama chai kaipata. Himid akasema kopo kaliona, ila jana aliunguza sufuria.

"Basi anza kupeleleza hiyo ya kurudi," Mwanakheri akamtania. "Kwa mwendo wako mjukuu ataota meno, mimi niko huku huku."

Upande wa pili akasikia honi ya boti ya Dar es Salaam ikiingia bandarini.

"Ya kurudi nshakata," alisema Himid. "Siku ile ile niliyokata yako ya kwenda. Ya Mtanashati. Siku moja baada ya arobaini, kwa hesabu ya tarehe ya daktari."

Mwanakheri akakaa chini. "Si wewe uliyetuhubiria kuwa kuzikata mbalimbali ni hasara?"

"Ndiye mimi."

"Kwa bei gani, Baba Nasima?"

"Sikuuliza."