Ellen Alikuwa Binti wa Nani?

Kitendawili! Kaingia mlangoni na jina la babake, katoka na jina la mwengine. Umeshindwa? Basi hata Bi Mahbuba wa Ghubra, mtaa wa Maskati, kilimshinda, na vitendawili ndiyo chakula chake.

Mamake alikuwa nesi wa Kiingereza, aliyesilimu akaolewa Unguja. Aliacha cheti cha unesi tu, kimeandikwa Ellen Pruett na jina la kijiji chao. Miaka yote wifi yake, Bi Zamzam, alimchokoza: "Mamako binti wa nani, wifi? Au kaokotwa?"

Mwaka 2004 mjukuu wa Bi Mahbuba, Noof, aliyekuwa akisoma Uingereza, akaenda kanisa la kijiji kile kufunua madaftari ya watoto waliobatizwa. Akapiga simu Maskati.

"Bibi, hamna mtoto wa Pruett."

Bi Mahbuba hakula siku ile. Kumbe Zamzam kasema kweli?

Wiki ya pili Noof akapiga tena, anacheka huku analia. "Bibi, tumekosea! Sisi mwanamke haachi jina la babake mpaka kaburini. Hawa wakiolewa huchukua la mume! Mama yako alikuwa mjane kabla ya kuja Unguja. Nimeliona daftari la ndoa, na babake kaandikwa."

Ijumaa Bi Zamzam akaja, akauliza swali lake lile lile. Bi Mahbuba akammiminia kahawa kwanza, taratibu.

"Binti wa George Hobday, wifi. Seremala."