Tanuri la Mzee Ansbert

Hayat alisoma maelezo ya Nurdin ya kuombea chuo mpaka mwisho, kisha akailaza simu kifudifudi mezani. Nurdin akajua mambo si mazuri. Mwenye habari njema hageuzi simu.

"Kaka Nurdin, nikwambie ukweli au nikufurahishe?"

"Ukweli."

"Kwa hivi ulivyoandika, hawakuchukui."

Walikuwa wamekaa nyuma ya duka la vipuri la baba yake Hayat, Mikocheni. Hayat alikuwa amesoma kwenye chuo hichohicho cha biashara cha ng'ambo ambacho Nurdin, mhandisi wa kiwanda kimoja cha chokaa kandokando ya Wazo, alikuwa akikiota kwa miaka. Nurdin alikuwa amechoka kuwa mtu wa kuitwa kitu kinapoharibika. Alitaka naye siku moja akae kwenye meza inayoamua, na umri ulikuwa haumsubiri.

"Alama unazo, kazi unayo," Hayat aliendelea. "Ila mainjinia wa hivyo wamejaa duniani. Wale wanataka jambo moja kubwa ulilofanya wewe, na bosi wako alithibitishe. Unalo?"

Alikuwa nalo, akamsimulia. Mwaka juzi tanuri la kiwanda, lile pipa refu la chuma linalozunguka likichoma chokaa, lilikuwa likisimama mara kwa mara, na kila mtu aliyalaumu matofali ya ndani. Nurdin alilizunguka wiki nzima, akaingia mpaka chini yake huku mkuu wake, Mzee Ansbert, akimmulikia tochi. Akagundua kwamba magurudumu linayokalia yalikuwa yakienda upande likishapata moto. Yakanyooshwa, na tanuri halikusumbua tena.

"Mashallah! Sasa mbona hukuliandika?"

Nurdin akamweleza. Wakurugenzi walipokuja kuuliza nani kafanya kazi ile, yeye mwenyewe alisimama akasema ni maelekezo ya Mzee Ansbert. Hakuna aliyemlazimisha. Kwao Masasi ndivyo alivyolelewa: kijana hajitangulizi mbele ya mkubwa wake. Humvika mkubwa kilemba, na mkubwa, kwa ukubwa wake, hukivua na kumrudishia kijana palepale mbele ya watu. Mzee Ansbert alipigiwa makofi, akashukuru, akakaa nacho.

"Basi nenda kamwombe akirudishe," Hayat alisema. "Bila yeye hamna kitu, kaka yangu."

Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani, Nurdin alibisha hodi kwa mzee. Sebuleni, juu ya televisheni, ilining'inia ngao ya shukrani kutoka kiwandani. Ilikuwa imefutwa vumbi kuliko picha ya harusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, injinia wangu! Filomena, leta chai, kijana wangu kaja."

Nurdin akaeleza habari ya chuo, na barua aliyohitaji. Kisha akapiga moyo konde. "Mzee, ningeomba uwaeleze lile suala la tanuri. Vile lilivyokuwa."

Uso wa mzee ukang'aa. "Lile! Hilo nitawaeleza lote."

Akaanza kulisimulia. Alivyokosa usingizi, alivyojipenyeza chini ya tanuri na umri wake ule, joto likimchoma mgongo. "Nikajiambia, Ansbert, haya si matofali. Haya ni magurudumu." Mkewe alikuwa amesimama na birika mkononi, akisikiliza kwa fahari hadithi ambayo bila shaka aliijua kwa moyo.

Nurdin alimkazia macho mzee, akitafuta walau chembe ya aibu, akaikosa. Mzee hakuwa akidanganya. Alikuwa akikumbuka. Hilo ndilo lililomkata maini, kwa sababu mwongo angeweza kumbana, lakini huyu angembana kwa lipi? Alifungua mdomo. Akaiona ile ngao, akamwona mama na birika lake, akajiona yeye mwenyewe siku ile amesimama mbele ya wakurugenzi, mwenye adabu zake, mjinga. Akaufunga.

"Ila hebu nikumbushe," mzee alisema kwa upendo kabisa, akipapasa mfukoni kutafuta kalamu. "Siku ile wewe ulikuwa wapi? Maana na wewe lazima nikuweke."

Chai kikombeni mwa Nurdin ilikuwa imeanza kufanya utando juu.

"Nilikuwa nakumulikia tochi, mzee."

"Eeh! Kweli kabisa!" Mzee alijipiga kofi gotini kwa furaha. "Na uliishika vizuri."