Kitambaa cha Njano kwenye Usukani

Hasira za Cheche zilikuwa za aina mbili. Zile za kupiga kelele zilikwisha kabla chai haijapoa, na watu walizizoea. Zile za kunyamaza ndizo zilizofanya hata paka wa gereji ahamie kwa jirani. Jumamosi ile Cheche hakuwa amesema neno tangu afike, na paka hakuonekana.

Chanzo kilikuwa kimekaa juu ya meza yake ya kazi: sanduku jekundu la vifaa, kufuli jipya linang'aa, mali ya shemeji wa kaka yake, naye fundi wa umeme. Shemeji mwenyewe hakuwapo. Alitanguliza sanduku, kama mgeni anayeingiza mguu mlangoni kabla ya kupiga hodi.

Cheche alikuwa fundi wa umeme wa magari. Kaka yake alikuwa fundi wa injini, na wateja walimwita Dakika Mbili kwa sababu hakuna kazi aliyowahi kuikadiria zaidi ya hapo. Alimweleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba sanduku lilifika jana jioni, na kwamba asimlaumu yeye bali maneno ya mama. Gereji ilikuwa ya mama tangu baba yao afariki, na mwezi uliopita mama alichoka na malalamiko ya Dakika Mbili juu ya Cheche, akatamka kwamba gari moja tu lingine likirudi kwa kosa la umeme, meza ya Cheche ataichukua shemeji. Sasa gari limerudi. Tena limerudi kwa kamba, likivutwa kama mbuzi aliyegoma.

Lilikuwa gari la mwalimu wa hesabu, mama mmoja mwenye miwani mizito na kumbukumbu iliyo mbaya kwa adui zake, maana haisahau kitu. Jumatatu alilileta likichemka kila akikwama kwenye foleni. Cheche alipima, akakuta makaa ya mota ya feni, yale yanayoipa umeme, yamekwisha, akafunga mota mpya. Akaacha injini iungurume mpaka feni ikajiwasha yenyewe na kujizima yenyewe, mara tatu. Ndipo akatundika kitambaa chake cha njano kwenye usukani.

Hiyo ilikuwa sheria ya marehemu baba. Kila fundi na rangi yake, Cheche njano, kaka bluu. Ukigusa gari, tundika chako. Na gari likiharibika, anayejibu ni yule ambaye kitambaa chake ndicho cha mwisho. Alhamisi mwalimu alipokuja kulichukua, usukani ulikuwa na cha njano peke yake. Ijumaa gari likamchemkia katikati ya makutano, magari nyuma yakimpigia honi, naye ana marundo ya mitihani ya watoto kwenye kiti.

"Fundi, ulinirudishia gari au birika?" aliuliza, akakalia tairi lililolala, mikono kifuani.

Dakika Mbili hakungoja aulizwe. Alisema feni imekufa, watu wa umeme wa kujifunza mitaani ndio hivyo, na mama atafika saa kumi aone mwenyewe. Cheche alimtazama hadi kaka yake akakumbuka kwamba alikuwa na spana ya kutafuta.

Kisha akafungua boneti. Hasira ilikuwa imemjaa, lakini vidole vyake vilijua njia. Fyuzi, nzima. Akajaza maji, akawasha injini, akawasha kiyoyozi, kwa kuwa kwenye gari lile kiyoyozi kikiwaka na feni huwaka. Rilei, swichi inayoiwasha feni, ikagonga ta, feni ikazunguka. Akazima kiyoyozi, akasubiri injini ipate moto. Feni ikajiwasha yenyewe, kwa hiyo sensa ya joto ni nzima. Mota ilivuma kwa nguvu, haikusuasua. Na mshale wa joto, mbele ya macho yao wote, ukaendelea kupanda kama vile feni ni pambo la ukutani.

Dakika Mbili alicheka puani. Alimnong'oneza mwalimu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba basi mota aliyofungiwa ni ya bandia.

Cheche alizima injini, akasimama mbele ya gari akiuma meno. Umeme unafika, feni inazunguka, gari linachemka. Alipokuwa akitafuta neno la kumrarua kaka yake kwa kipimo sawasawa, akagundua kwamba miguu yake inaungua. Pale mbele alipokuwa amesimama palikuwa moto kama mdomo wa jiko.

Na hapo ndipo mama alipoingia, mkoba kwapani, akaamkiwa na wote, akauliza gari linasemaje.

"Mama, ngoja," Cheche alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. Akamfuata kaka yake, akamvua kitambaa cha bluu begani bila kuomba, akaiwasha injini tena. Feni ilipovuma akakiweka kitambaa kwenye matundu ya mbele ya gari.

Feni ile hukaa nyuma ya rejeta. Kazi yake ni kuvuta hewa ya nje ipite kwenye rejeta, ipoze maji, iende zake kwenye injini. Gari likikimbia upepo wa barabara husaidia. Likikwama, feni iko peke yake. Kwa hiyo kitambaa kilitakiwa kunyonywa na kung'ang'ania pale kama mtoto mgongoni. Badala yake kiliinuka, kikapepea, kikamwangukia Dakika Mbili kwenye viatu.

"Inazunguka kinyume," Cheche alisema. "Inachukua joto la injini na kulisukuma mbele. Mota hii ina nyaya mbili. Ukizibadilisha, inazunguka vilevile, inavuma vilevile, ila inarudi nyuma. Jumatano mchana, nilipokwenda kliniki na mtoto, nani aligusa gari hili?"

Akazima, akafungua betri, akapitisha mkono chini ya feni, akaufuata waya mpaka pale ambapo mwanzoni mwa wiki aliacha soketi nzima. Soketi haikuwapo. Palikuwa na nyaya mbili zilizokatwa na kusokotwa, zikafungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Gereji nzima alikuwapo mtu mmoja tu aliyefunga kila kitu, kuanzia bomba hadi mpini wa nyundo, kwa mpira wa baiskeli.

Dakika Mbili alikuna shingo. Alisema kulikuwa na bomba la maji linavuja, feni ilimzuia, soketi iligoma kutoka, akaikata. Nyaya zote zilikuwa nyeusi kwa grisi, na umeme ni umeme. Kitambaa hakukitundika kwa sababu ilikuwa kazi ya dakika mbili.

"Hilo ningekusamehe," Cheche alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Lakini jana mwalimu alipopiga simu, ulijua umekata nini. Ukanyamaza. Kisha ukaenda kuleta sanduku."

Mama aliokota kitambaa cha bluu sakafuni, akakikung'uta, akampa mwanawe. "Tundika."

Alikitundika kwenye usukani, akaanza kuondoka. Cheche alimzibia njia.

"Kitambaa hakina mdomo, kaka."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, kama anayesubiri mwanafunzi wa nyuma asome jibu.

"Ni mimi, Mwalimu," Dakika Mbili alisema hatimaye, akilitazama tairi. "Sio yeye."

Cheche alizikata zile nyaya, akazisafisha mpaka rangi zikaonekana, akafunga soketi mpya kila waya na mwenzake. Feni ilipowaka, akakitoa kitambaa cha bluu usukani akakiweka tena kwenye matundu ya mbele, kikanyonywa kikabaki kimeganda, na mshale ukapanda, ukasita, ukashuka. Akaliacha liungurume nusu saa, akamwambia mwalimu ana bahati alizima mapema barabarani, ila alirudishe Jumatatu gasketi ya injini ipimwe kama haikuungua.

Kisha akaenda kunawa, na akiwa amewapa mgongo akasema, "Kaka, sanduku la shemeji yako. Lirudishe kwake. Ni kazi ya dakika mbili."

Lilikuwa zito kama dhambi. Alilibeba akilipumzisha kila baada ya hatua kumi, na mama, aliyesimama langoni, hakumruhusu mtu yeyote amsaidie.