Mtihani wa Watu Wawili

Bi Mito alipofika kwenye kikohozi katika maneno aliyokuwa akiyakariri, mama mkwe akaitika kutoka uani.

"Umerudi, baba?"

Bi Mito akanyamaza, mikono yake imezama kwenye sufi hadi viwikoni. Akasikia ndala zikiburuzwa upesi, upesi ambao magoti yale hayakuwa nao siku nyingi, na mlango ukasukumwa. Mama mkwe alisimama kizingitini, mtandio umemteleza hadi mabegani, uso umefunguka wote. Akatazama magunia ya sufi. Akatazama foronya zilizokunjwa. Akachungulia na nyuma ya mlango. Kisha ule uso ukajifunga taratibu.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Nimemsikia akikohoa. Kikohozi kile nakijua, nimekilea mwenyewe."

"Ni mimi. Nafanya mazoezi ya mtihani."

"Mtihani wa kukohoa?"

"Wa Kiingereza, mama."

"Basi hicho Kiingereza chako kitafutie dawa ya kifua." Akacheka, na mkwewe akacheka naye. Lakini alipokuwa anatoka, aligeuka akatazama tena nyuma ya mlango.

Mume wa Bi Mito alikuwa fundi bomba, na alikuwa ng'ambo. Alikuwa amepata ruhusa ya kukaa kule, na sasa alitaka mkewe amfuate. Ila watu wa viza walitaka kwanza kusikia kwamba huyo mke anaweza kuzungumza Kiingereza na kukielewa, hata kama ni kidogo. Bi Mito aliishia darasa la saba. Kiingereza alichokumbuka ni ile salamu waliyokuwa wakimwimbia mwalimu, wamesimama, asubuhi. Kwa hiyo mume akawa anarekodi maneno kwa sauti yake na kuyatuma kwenye simu, na mke anayashika.

Aliyashika kama alivyoshika kazi ya mito kwa shangazi yake, bila kuuliza kwa nini mkono unapita hapa na si pale. Alichukua sentensi nzima nzima, pamoja na pumzi zake. Sasa siku ile mume aliporekodi habari za nyumbani, kabla tu ya kuutaja mlango, alikohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, halafu kimya kidogo kama mtu anayemeza mate. Bi Mito alijaribu kukiruka. Kila akikiruka, maneno ya mbele yanampotea, kinywa kinabaki wazi. Akikirudisha, yanakuja yenyewe, yamefuatana kama vifaranga. Basi akakiacha kikae.

Maneno yenyewe yalikuwa haya, kwa Kiingereza: mume wangu ni fundi wa mabomba ya maji. Kikohozi. Nyumba yetu ina mlango wa bluu. Nje kuna mti wa ndimu. Kila Jumapili ninakaa dirishani na mume wangu, tunatazama mvua.

"Lakini mlango wetu ni wa bati," alimwambia mumewe kwenye simu. "Na ndimu yenyewe tunanunua."

"Nani atakuja kuuona? Sema tu. Wale hawaulizi ukweli, wanauliza Kiingereza."

Walicheka. Kwa Kiswahili mumewe alikuwa yule yule, mtu wa utani, mtu wa kumwita "bosi wangu" na kumuuliza kama panya bado wanalala bure kwenye mito ya wateja. Kwa Kiingereza alikuwa mtu mwingine. Sauti ilikuwa yake, lakini ilikuwa imenyooka, imepigwa pasi, na haikumjua Bi Mito. Naye alikuwa akiisikiliza katika chumba cha sufi, ambacho hakina mwangwi. Sufi inameza sauti. Mteja akiita kutoka mlangoni unaona kama yuko ng'ambo ya mto. Neno lako mwenyewe linadondoka karibu na miguu yako na kuzimika. Simu aliiegemeza dirishani, lakini mara nyingi, akiwa ameinama anachambua mbegu, sauti ile ilimjia kutoka upande mwingine kabisa, kutoka kwenye mito iliyokwisha kushonwa.

Siku moja aliinua macho kutoka kwenye kazi, akauona mlango wake wa bati ni wa bluu. Akapepesa. Ulikuwa wa bati.

*

Karani wa duka la kompyuta, binti mwenye subira na kucha ndefu, ndiye aliyemfungulia habari za mitihani.

"Iko mingi, mama, lakini usichague kwa macho. Huu mkubwa una kusoma na kuandika, na unavaa vidude masikioni, unaongea na mashine. Wewe huuhitaji. Kwa mke anayemfuata mume inatosha kuongea na kusikiliza. Hapo iko miwili. Huu, unaingia peke yako, wewe na mtahini. Na huu mwingine mnaingia wawili."

"Wawili na nani?"

"Na mtahiniwa mwenzako. Mtu usiyemjua. Mnaulizana maswali, mtahini anawasikiliza."

"Yote miwili inakubalika?"

"Yote, ilimradi kituo kiwe kinatambuliwa na watu wa viza. Hilo ndilo la kuangalia. Usije ukafanya kama msusi wetu."

Msusi wa jirani alikuwa amefanya mtihani wa chuo fulani cha hapo karibu, mtihani mgumu kuliko wote, akafaulu vizuri sana. Watu wa viza wakamrudishia cheti, hawakijui. Sasa kilikuwa kimetundikwa saluni, kina muhuri wa dhahabu, na wateja walidhani ni cha ususi. Mumewe kule aliko alisema hakuna neno, atajaribu tena. Kisha simu zake zikaanza kuwa za nadra, kama mvua ya kiangazi.

Mchana ule ule Bi Mito akamweleza mumewe yote.

"Wa peke yako," mume alisema, kabla hajamaliza.

"Huu wa wawili naona kama una—"

"Nimesema wa peke yako. Mtu usiyemjua atakuvuruga. Utasahau. Unanisikia?"

Alikuwa anaongea Kiswahili, lakini sauti ilikuwa ile nyingine, ile iliyopigwa pasi. Bi Mito akasema amesikia.

Alisikia kweli. Lakini kazi ya mto ni ya watu wawili. Mmoja anashika mdomo wa mfuko, ameutanua kwa vidole vyote. Mwingine anashindilia, akianza na pembe. Ukifanya peke yako, sufi inakwenda inakotaka, mto unatoka na mavimbe, na mwenye kuulalia ataamka shingo imegoma. Tangu aolewe, mama mkwe ndiye aliyemshikia mdomo wa mfuko, na kabla yake shangazi. Bi Mito hakuwahi kujaza kitu peke yake. Akijifikiria amekaa mbele ya mtahini, hana mtu upande, alihisi vidole vinamlegea.

Akarudi kwa karani. "Niandikishe huu wa wawili."

"Na mzee amekubali?"

"Mzee hafanyi mtihani."

Karani akacheka, akaandikisha. Bi Mito hakumwambia mumewe. Mume alipouliza kama ameshachagua, alijibu ndiyo, na hakusema zaidi.

*

Kituo kilikuwa mji mwingine, ghorofani, kwenye korido iliyonukia dawa ya sakafu. Mlinzi alichukua simu zao akaziweka kwenye kabati, akawachungulia na masikio. Akatoa kipande cha sufi kwenye nywele za Bi Mito, akakitazama, akampa mkononi kama anamrudishia hereni.

Mwenzake alikuwa ameshakaa. Mwanamke wa rika lake, gauni la kijivu, mkoba umewekwa juu ya magoti yaliyobanwa. Walisalimiana. Mwanamke yule alikuwa anapitisha maneno midomoni bila sauti, kama watu wanavyofanya kabla ya mtihani, na Bi Mito akaona kwenye kucha ya kidole gumba chake mstari wa rangi ya bluu.

Wakaitwa. Mtahini alikuwa mama mwenye miwani ya kamba, mpole. Akawauliza majina, wakajibu. Akamgeukia mwanamke wa gauni la kijivu, akamwomba aeleze habari za nyumbani kwake.

"Mume wangu ni fundi wa mabomba ya maji," mwanamke yule alisema kwa Kiingereza.

Akakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu. Akanyamaza kidogo, akameza mate.

"Nyumba yetu ina mlango wa bluu."

Bi Mito akageuka akamtazama mdomoni. Mti wa ndimu ukaja mahali pake. Mvua ikaja mahali pake. Hata pale ambapo mumewe huvuta neno Jumapili kama mtu anayenyoosha uzi, mwanamke yule alilivuta, vile vile, kwa urefu ule ule. Ilikuwa sauti ya kike, nyembamba, lakini ndani yake kulikuwa na mtu aliyekaa.

"Sasa wewe muulize mwenzako swali," mtahini akamwambia Bi Mito.

Swali lilitoka lenyewe, kwa Kiingereza ambacho hakujua kama anacho. "Unakaa na nani dirishani?"

"Ninakaa na mume wangu."

"Vizuri," mtahini akamwambia Bi Mito. "Na wewe, tueleze nyumbani kwako."

Hakuwa na kingine. Alitafuta ndani, haraka, kama mtu anayepapasa gunia tupu. Akakuta ile salamu ya mwalimu, na kando yake sentensi za mumewe, basi. Akinyamaza, ameanguka, na amebaki huku. Akafungua kinywa. Mume wangu ni fundi wa mabomba ya maji. Alipofika pale mahali akakaza koo kwa nguvu zote, akajizuia, na maneno yakamkimbia kama alivyojua yatakimbia.

Mwanamke wa gauni la kijivu akakohoa.

"Nyumba yetu ina mlango wa bluu," Bi Mito akasema, na mengine yote yakafuata hadi mvua.

Mtahini alivua miwani. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akauliza kwa tabasamu kama wao ni ndugu.

"Hapana," walijibu. Walijibu pamoja.

*

Nje kulikuwa na benchi la saruji, kwenye jua kali la saa saba. Walikaa wakiwa wameacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Nani alikufundisha?" Bi Mito aliuliza.

"Mume wangu. Yuko ng'ambo. Na wewe?"

"Mume wangu."

Gari likapita. Likapita jingine.

"Mlango wako ni wa bluu kweli, dada?"

"Sasa hivi, ndiyo. Nilipaka juzi mwenyewe. Niliona aibu kusema uongo kwa lugha ya watu." Alitazama kucha yake. "Haitoki hii. Nimesugua hata kwa mafuta ya taa."

Yeye ndiye aliyetoa simu kwanza. Bi Mito akatoa yake. Wakaziweka katikati, pale palipokuwa na nafasi, wakabonyeza. Moja ilitangulia kidogo, na nyingine ikaifuata nyuma kama kivuli, sauti ile ile, imenyooka, imepigwa pasi. Walipojua kikohozi kinakaribia, wote wawili walishika pumzi. Kikaja mara mbili.

"Labda kule wanapeana," mwanamke yule alisema. "Mmoja anarekodi, wenzake wanatuma kwa wake zao."

"Labda."

"Wanaume ni wavivu."

"Wavivu sana."

Kila mmoja alikuwa na picha ya mumewe kwenye simu yake. Hakuna aliyemwomba mwenzake picha.

"Wako alikwambia uchague mtihani upi?" mwanamke yule akauliza.

"Wa peke yangu."

"Wangu pia. Alinikemea kabisa."

"Mbona hukuuchagua?"

Mwanamke wa gauni la kijivu alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga. "Niliogopa kuwa peke yangu," alisema.

*

Majibu yalitoka, na karani alimpigia simu mwenyewe, anapiga kelele za furaha. "Umefaulu, mama! Cheti nakiona hapa. Nikiambatanishe kwenye maombi ya viza leo leo?"

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini tena?"

"Ngoja, mwanangu. Nitakuja."

Aliporudi chumbani mama mkwe alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake, ametanua mdomo wa mfuko kwa vidole vyote. Bi Mito akaanza na pembe. Walifanya kazi bila maneno, mbegu zikidondoka sakafuni moja moja. Simu ikalia dirishani. Akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikatoka chumbani, hapo kati yao.

"Bosi wangu! Hongera. Nimesikia umefaulu."

Mikono ya Bi Mito ilisimama ndani ya mto. Alikuwa hajamwambia mtu, wala mama mkwe.

"Shikamoo haitolewi siku hizi?" mama mkwe akatania.

"Shikamoo, mama. Naongea na bosi kidogo." Kisha, polepole, kwa sauti laini: "Ulifanya ule wa peke yako, sivyo?"

Mchana ulikuwa mweupe dirishani. Bi Mito aliigeukia simu. Halafu akauliza kwa Kiingereza, vizuri, kama alivyouliza mbele ya mtahini:

"Unakaa na nani dirishani?"

Simu ikawa kimya. Haikuwa imekatika, ilisikika ikipumua. Sufi ikaumeza hata ule upumuaji.

Kisha chumbani kukatoka kikohozi, kifupi, kikavu, na baada yake kimya kidogo kama cha mtu anayemeza mate.

Mama mkwe aliinua uso. Macho yake yakaenda kwenye simu, yakaja kwa mkwewe, yakaenda nyuma ya mlango.

"Huyo ni nani kati yenu?" akauliza.

Mdomo wa mto ulikuwa bado wazi mikononi mwa mama mkwe, na kutoka ndani yake sufi ilikuwa ikipanda kidogo kidogo kwenye mwanga, kisha inaning'inia pale, haipandi wala haishuki.