Kepu ya Kila Kichwa

Nilichokiona usingizini sikukitafuta, na lau ningepewa hiari ningekikataa. Lakini kwa kuwa nilikiona, na kwa kuwa nina hakika si mimi peke yangu ninayestahili kukisikia, nitakusimulieni kama kilivyonijia. Mimi naitwa Shebwana, mtu wa Mombasa, na kazi yangu kwa miaka ishirini na miwili ni kutunga kamusi: nachukua neno la Kiingereza, nalipekua hadi mfupani, kisha nalitafutia maelezo ya Kiswahili. Siku hiyo neno lililokuwa mezani lilikuwa la lile vazi dogo la kichwani ambalo watu wetu huliita kepu. Nilidhani nitalimaliza kabla ya chai ya saa nne. Maskini mimi! Kumbe Waingereza hukiita kwa jina hilo hilo kifuniko cha chupa, na kichwa cha uyoga, na kiwango ambacho bei haitakiwi kukipita, na heshima apatayo mchezaji kila anapoichezea timu ya taifa, hata kile kibaruti kinacholia katika bastola ya kuchezea. Kila nilipofunga mlango, maana nyingine ilibisha hodi dirishani. Mhariri aliutaka ukurasa kabla ya jua kuchwa, nami nikaapa kwamba sitoki ofisini mpaka niumalize.

Lakini si neno lililonivuruga siku ile. Mama yangu, Bi Mwanasiti, alikaa Kibokoni, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka ofisini kwangu. Alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile nyeupe zinazodarizwa tundu kwa tundu, na nusu ya wanaume wa mtaa wake walioa wakiwa wamevaa kazi ya mkono wake. Nuru ya macho ilipoanza kumtoka, na alipojua kwamba hairudi, alianza kunishonea mimi kofia moja ya mwisho, kwa kupapasa. Kofia hiyo hushonwa vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka, na kwa mama vipande havikuunganishwa mpaka mwenye kichwa aje akae sakafuni mbele yake, azungushiwe uzi, na uzi upigwe fundo. Hakupokea kipimo cha karatasi wala cha kusikia. Vipande vyangu vilikuwa tayari tangu mwezi wa Rajabu, na kwa miezi mitano mama alikuwa akiningoja nimpelekee kichwa tu, kitu nilichokuwa nacho kila mahali nilipokwenda. Nami kila wiki nilisema, Ijumaa.

Saa saba mchana alinipigia simu dada yangu Zena, anayeishi na mama.

"Kaka, mama hali kitu tangu jana. Kila akifungua mato auliza, Shebwana ameleta kitwa?"

"Zena, nina kazi ya kumaliza. Mwambie kesho, inshallah."

"Kesho gani? Daktari asema tumkalie karibu. Wewe bingwa wa maneno, hilo nalo hulielewi?"

Nililielewa, na ndiyo sababu nilitafuta namna ya kulikwepa. Nikatungua kepu yangu kwenye msumari, nikamwita mtu wa bodaboda aliyekuwa kivulini nje, nikamwambia aipeleke Kibokoni mama apimie hiyo. Nilirudi mezani nikijiona mwerevu. Nusu saa baadaye Zena alipiga tena, na sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Ameipapasa yote, akafika kwenye ule ukanda wa nyuma, wa kukaza na kulegeza. Akauliza, huu ni wa nini? Nikamwambia. Asema, basi hii yaingia kila kitwa, hii si ya mwanangu. Akageukia ukutani."

Akakata simu. Nikaswali alasiri bila kujua ninasoma nini, nikarudi kwenye lile neno, nikaandika mstari na kuufuta, nikaandika na kuufuta tena, mpaka kichwa kikaniangukia juu ya makaratasi. Nikalala.

Nikajikuta katika nchi tambarare isiyo na mti wala kivuli, ardhi yake nyeupe na ngumu kama kitambaa kilichotiwa wanga kikakaukia juani. Mbele yangu palikuwa na mji uliozungushiwa ukuta, na katika ukuta huo mlango mmoja mdogo. Nyuma ya ukuta nilisikia mtu akikohoa, na sikuhitaji kuambiwa ni nani, kwani kikohozi kile nimelala nacho utoto wangu wote. Nilikimbilia mlango. Hapo aliketi mwanamke mrefu, mkavu, amevaa leso kuukuu, uzi mweupe umezungushwa kifundoni mwa mkono wake.

"Mimi ni Bi Kiasi," akasema bila kuinua uso. "Huko ndani hawaingii kichwa wazi, wala hawaingii na kofia ya mwingine. Nenda sokoni ukatafute iliyo kadiri ya kichwa chako, kisha urudi nikuhakiki. Usikawie. Mlango huu haufungwi kwa saa, hufungwa kwa pumzi za aliye ndani."

Nilimwambia kwamba aliye ndani ni mama yangu, kwamba nina haki ya kumwona. Aliniangalia kwa mara ya kwanza, wala si kwa hasira. "Haki ulikuwa nayo miezi mitano," akasema. Nikashika njia ya sokoni.

Soko lenyewe lilikuwa halina nyanya wala samaki, kila kilichouzwa kilikuwa cha kichwani: chepeo, tarbushi, vilemba, helmeti za mafundi, na kepu zisizo na idadi. Wa kwanza kunidaka alikuwa Bwana Sifa, jitu lenye kepu mia zilizopandana kichwani mpaka shingo imemzama mabegani. Kila moja, alisema, aliipata uwanjani siku alipoichezea nchi yake, na alizitaja siku hizo moja moja huku macho yake yakitafuta nani mwingine anayesikiliza. "Na wewe ni mwenzangu!" akapaza sauti. "Mlezi wa maneno! Nguzo ya lugha! Bila wewe watu wangekuwa mabubu!" Akanivika kitu kichwani, nami, naona haya kusema, nilisimama wima nikakifurahia. Kilikuwa kilemba cha ukoka, kama wanavyovikwa wapumbavu wote tangu zamani. Jua lilipokipiga kilinyauka, kikanishukia machoni, nikawa natembea nikipapasa kama mama yangu anavyopapasa. Kikohozi nilikisikia kwa mbali, kimekuwa chembamba.

Nilipokitoa usoni, aliyekuwa mbele yangu ni mwanamke mfupi mnene aliyezibwa mdomo kwa kifuniko cha chupa. Jina lake, Kimya, lilikuwa limeandikwa kifuani, kwa kuwa mwenyewe asingeweza kulitaja. Alinishika kidevu kwa upole, kama mtu anayemlisha mgonjwa, akanibandika na mimi kifuniko mdomoni. Hapo nilitambua jambo ambalo hata nikiwa macho sikuwahi kulikiri: kwamba yote niliyotaka kumwambia mama yalikuwa yamejaa kifuani mwangu miaka mingi, nami ndiye niliyeyafunika, kwa sababu mtu akishaanza kusema samahani hajui ataishia wapi. Niliking'oa kwa kucha. Mdomo ulichanika, damu ikanidondokea shatini, nikaendelea kukimbia.

Njia ilikatwa na Bwana Kikomo. Huyu aliketi kwenye kiti kirefu, ameshika mti ulionyooka, na chochote kilichopita chini ya mti ule kilipunguzwa kikawa sawa na vingine. Nikampigia magoti. "Wewe ndiye unayewekea vitu mwisho," nikamwambia. "Nisogezee mwisho huu kidogo. Niongezee siku moja tu."

"Mimi siongezi," akajibu kwa sauti ya karani aliyechoka. "Naonyesha tu pale kitu kinapoishia. Bei ina mwisho, mvua ina mwisho, na wewe ulidhani ngojangoja haina."

"Subira ya mama yangu haina mwisho!"

"Kweli. Nimeipima, sikuona pa kuweka mti. Lakini mwili unaoibeba subira hiyo nimeupima pia."

Nililia hapo mbele ya watu wa soko, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni, na hakuna aliyegeuka. Ndipo nilipoguswa bega na mzee aliyejifunika joho refu la kale lenye kikofia chake kilichoshonewa shingoni. Alijitambulisha kuwa ni Asili, baba wa kepu zote za soko lile. "Usinitazame hivyo," akasema, "nilikuwa joho kabla sijawa kofia. Walinikata pole pole, kutoka miguuni kwenda juu, mpaka nikabaki cha kichwani. Wako wanaosema nilizaliwa na neno la Warumi lenye maana ya kichwa, wako wanaokataa, na wanagombana mpaka leo. Mimi nilikuwa mchanga, sikumbuki."

"Mzee, sina nafasi ya asili leo," nikamwambia. "Nipe kofia inayonikaa."

"Sina. Ila nina hadithi ya mwanangu mmoja, ni fupi. Zamani mtu akikamatwa kwa joho lake, alilivua upesi akachomoka, aliyemkamata akabaki ameshika nguo tupu. Kwa tendo hilo Waingereza walipata neno lao la kutoroka, nalo ni damu yangu." Alininyooshea kidole kilichopinda. "Leo mchana mama yako alinyoosha mkono akushike. Ukamwachia nini mkononi?"

Wasomaji wangu, nimechekwa maishani, nimetukanwa, hata kofi nimepigwa, lakini hakuna lililoniuma kama swali lile. Nilirudi mbio mlangoni kichwa wazi, nikajitupa mbele ya Bi Kiasi, nikamwambia sikupata kofia, nimekuja na kichwa, anipime hicho. Akaufungua uzi kifundoni mwake, akanizungushia taratibu, juu ya nyusi, nyuma ya masikio. Ncha mbili hazikukutana. Akavuta, nikahisi uzi unanikata ngozi, na bado pakabaki nafasi ya vidole vinne.

"Haufiki," akasema.

"Uzi wako mfupi! Leta mwingine!"

"Huu ndio niliopewa. Mwenyewe hana mwingine."

Nyuma ya ukuta kikohozi kilikatika katikati. Niliupiga mlango kwa ngumi, kwa paji la uso, nikamwita mama kwa jina lile nililomwita kabla sijajua kusoma, na mlango ukajifunga polepole, bila kishindo, huku mikono yangu ikiwa juu yake.

Nilizindushwa na adhana ya magharibi, uso wangu umelowa na wino wa neno lile umenigandia shavuni. Ukurasa haukuwa umekwisha. Niliuacha pale pale. Nilikimbia hadi Kibokoni na viatu vya ofisini, nikigongana na watu waliokuwa wakienda kuswali, na njia nzima nilikuwa nikihesabu kwamba nimeielewa ndoto: nimemtoroka mama, basi narudi, na kurudi kutatosha. Majuto ni mjukuu, lakini nilidhani huyu nimemwahi.

Zena alinifungulia bila salamu. Mama alikuwa hai. Alilala chali, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na juu ya kifua chake palikuwa na kofia nyeupe, vipande vyake vimeunganishwa. Kepu yangu ilikuwa sakafuni, chini ya kitanda.

"Alipoitupa ile akataka kibweta chake," Zena akaninong'oneza. "Akatoa uzi wenye fundo, akaiunga kofia kwa kipimo chake. Asema ndio uzi wa mwisho wa kitwa chako alio nao. Ni wa mwaka ulipotiwa chuoni kusoma Kurani, kaka. Ulikuwa na miaka saba."

Hapo ndipo nilipoielewa ndoto kweli: uzi wa Bi Kiasi ulikuwa huu. Nilikaa sakafuni, mgongo wangu kwenye kitanda, kama nilivyokaa nikiwa na miaka saba. Mama alihisi uzito wangu. Aliitafuta kofia kwa vidole, akaniwekea kichwani, nayo ikakaa utosini bila kushuka. Vidole vyake vilishuka ukingoni, vikaona pengo, vikasimama.

"Shebwana, mbona kitwa kimekuwa kikubwa hivi?"

"Kimekua, mama. Kimekua nami sikukuletea. Nisamehe."

Mama akanyoosha mkono. "Zena," akasema, "nipa uzi. Takata mwingine, nimpime tena."

Zena alimpa uzi mpya. Mama akaniondolea ile kofia ndogo, akauzungusha uzi kichwani mwangu, juu ya nyusi, nyuma ya masikio, polepole sana, na safari hii ncha zilikutana. Nilizihisi zikikutana. Nilihisi vidole vikianza kupiga fundo, kimoja kikipita juu ya kingine, kisha vikatulia. Nilidhani anapumzika. Zena aliita "Mama" mara moja, akaita mara ya pili, akaanza kulia. Mimi sikugeuka. Nilibaki nimekaa vile vile, kichwa changu kimo mikononi mwake, nikingoja afunge fundo.